Miezi Kumi na Minane na Huduma ya Barua Pepe za Msimu: Tathmini Kutoka Duka la Kanga, Tanga

Duka letu liko Ngamiani, Tanga, lakini zaidi ya nusu ya wanaonunua kwetu hawajawahi kuvuka kizingiti chake. Wako Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi; wengine wako Muscat na London, watoto na wajukuu wa watu wa Tanga waliohama zamani, na huagiza kanga, vikoi na vikapu vya mkonge kupitia tovuti yetu. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukiwapelekea habari za mzigo mpya kwa WhatsApp, mmoja baada ya mwingine, mpaka orodha ikapita watu mia nane na mdogo wangu akawa hana kazi nyingine kutwa ila kunakili ujumbe ule ule. Ndipo tukaamua kulipia huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi, mojawapo ya zile kubwa za ng'ambo, na sasa imetimia miezi kumi na minane. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza, mema na mabaya, yanazihusu karibu huduma zote za aina hii. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba huduma hizi huuzwa pamoja na mawazo ya kampeni za msimu yaliyokwisha kupangwa, na muuzaji wa pwani anapaswa kujua kabla ya kutoa fedha yake kwamba ananunua vyombo vizuri vilivyofungwa pamoja na kalenda ya watu wengine.

Kalenda hiyo hukupokea mara tu unapofungua akaunti. Januari kuna mauzo ya kumaliza nguo za baridi, Februari kuna siku ya wapendanao, kisha majira ya maua, siku ya akina mama, likizo ya kiangazi, kurudi shule mwezi wa Agosti, maboga ya Oktoba, ile Ijumaa kubwa ya mauzo ya Novemba iitwayo Black Friday, yaani Ijumaa nyeusi, na mwisho Krismasi yenye theluji. Kila tukio lina violezo vyake vilivyopambwa vizuri, rangi zimechaguliwa na picha zimepangwa, kiasi kwamba mtu asiye na ujuzi wa kubuni anaweza kutengeneza barua ya kupendeza kwa nusu saa. Sisi tulifanya hivyo hivyo. Desemba yetu ya kwanza tulichukua kiolezo cha chembe za theluji, tukaweka picha za vikapu vya mkonge katikati yake, tukatuma. Asubuhi yake mteja mmoja wa Dar es Salaam, mama mtu mzima ambaye amenunua kwetu tangu mwanzo, akajibu kwa upole: «Mwanangu, hivi vikapu ni vyenu wenyewe au siku hizi mnaagiza Ulaya?» Swali hilo lilitukaa moyoni. Mkonge umelimwa mkoani kwetu tangu mche wake ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kinachouza kikapu chetu ni kwamba kimesukwa Tanga kwa mkonge wa Tanga. Kiolezo kimoja kilitosha kulifuta hilo machoni pa mteja aliyetujua. Tena ilikuwa Desemba, kaskazi inavuma na joto halishikiki, na wala hakuna hata mteja wetu mmoja wa nchini anayewaza kujikinga na baridi mwezi huo.

Baada ya hapo tuliiweka pembeni kalenda ya mashine, tukabandika ukutani, juu ya meza ya kukunjia kanga, kalenda mbili: moja ya jua na moja ya mwezi. Duka la kanga huishi zaidi kwa ile ya mwezi. Shaabani ni mwezi wa harusi za kuwahi kabla ya mfungo, na mwishoni mwake watu huvunja jungu. Ramadhani ni maandalizi ya Idi. Mfunguo Mosi harusi zinarudi kwa wingi, na sare za kanga huagizwa doti ishirini au thelathini kwa mkupuo. Mfunguo Tatu ni Idi ya Kuchinja. Mfunguo Sita ni Maulidi. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwamo katika kalenda tuliyouziwa, isipokuwa neno Ramadhani lililowekwa kama siku moja tu, mithili ya sikukuu ya kitaifa, na kiolezo chake kikiwa na picha ya ngamia na jangwa. Sijui ni mteja gani wa Pangani au Muheza angejiona katika picha ile.

Hapa pana kosa la kiufundi ambalo wenzangu wenye maduka wanapaswa kulijua. Huduma yetu ina kitufe cha kurudia kampeni ya mwaka uliopita, nayo huibeba kampeni nzima na kuiweka katika tarehe ile ile. Kwa Krismasi kitufe hicho ni msaada mkubwa. Kwa miezi ya mwandamo ni mtego, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Ramadhani iliyoanza wiki ya pili ya Machi mwaka 2024 inaangukia Februari mwaka 2026. Ukirudia kampeni ya maandalizi kwa kufuata tarehe za mwaka jana, barua yako itawafikia watu wakiwa tayari wamekwisha kushona, na mwaka wa tatu itawafikia Idi imepita. Tumejifunza kuandika kila kampeni ya aina hiyo kwa kuhesabu siku kabla ya tukio: siku arobaini kabla ya Idi barua ya kwanza kwa walioko ng'ambo, kwa kuwa mzigo wa posta huchukua muda wake, siku ishirini na tano kabla, barua kwa walioko Kenya na mikoa ya mbali, siku kumi na nne kabla, barua kwa Dar es Salaam, ambako kifurushi tukikipakia kwenye basi la asubuhi hufika siku hiyo hiyo.

Kuwagawa wapokeaji namna hii ndiko kunakoifanya huduma istahili malipo yake, na hapo naisifu bila kusita. Kila anayejiandikisha tunamwekea alama ya mji alipo, alichonunua na sikukuu anayoisherehekea kama ametuambia, kisha barua moja tunaiandika kwa sura tatu au nne. Mteja wa London anaelezwa tarehe ya mwisho ya kuagiza ili mzigo uwahi. Mteja wa Tanga mjini anaelezwa tu kwamba duka litafunguliwa mpaka usiku katika kumi la mwisho. Wateja wetu Wakristo hawapati barua za Idi isipokuwa wameziomba, ingawa wapo kadhaa walioziomba, kwa kuwa katika mji huu zawadi za sikukuu huvuka nyumba kwa nyumba bila kujali nani kafunga na nani hakufunga. Wakati wa WhatsApp kazi hii haikuwezekana kabisa.

Saa za kutuma zilitusumbua zaidi. Akaunti ilikuja ikiwa imewekewa saa za New York, na sehemu ya kubadilishia imefichwa ndani ya mipangilio, mahali ambapo mtu hapiti ila akitafuta. Shaabani ya kwanza tulipanga barua itoke saa 2 usiku, ikatoka saa 10 alfajiri, kwa kuwa miezi hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Aidha mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo ukiandika saa 2 kwa mazoea ya Kiswahili bila kuchagua alama ya jioni, barua itaondoka saa nane usiku. Baada ya kulirekebisha hilo tulianza kutafuta saa inayofaa, na katika Ramadhani tumeiona wazi: barua iliyotumwa alasiri husahaulika, kwa maana akina mama wako jikoni na mihogo na tambi, na wengine wamelala, iliyotumwa saa 3 usiku, tarawehi ikiwa imekwisha na watu wameketi barazani na simu zao, hufunguliwa na hujibiwa.

Naja sasa kwenye usiku uliotufundisha kuliko mingine yote. Ramadhani ya kwanza tuliyokuwa na huduma hii tulitayarisha barua ya Idi mapema, tukaipangia iondoke yenyewe usiku wa mwezi ishirini na tisa. Kichwa chake kilisema «Mwezi umeandama, Idi Mubarak», na ndani yake kulikuwa na shukrani kwa wateja pamoja na punguzo la siku tatu. Jioni ile wingu lilikuwa limetanda. Baada ya magharibi tukakaa na redio kama watu wote, tukisubiri tangazo la Mufti, na tangazo lilipokuja lilikuwa kwamba mwezi haukuonekana, hivyo mfungo unakamilishwa siku thelathini. Mdogo wangu alikuwa anakoroga unga wa kaimati za kesho. Aliacha mwiko ndani ya bakuli akaniangalia, na hapo sote wawili tukakumbuka. Tulipofungua kompyuta barua ilikuwa imekwishaondoka kwa watu mia nne na ishirini.

Barua pepe ikishatoka hairudi. Huduma haina njia ya kuirudisha, na hilo si kosa lake. Majibu yalianza kuingia kabla hatujamaliza kusoma ripoti. Mzee mmoja wa Dar es Salaam aliandika: «Wanangu, sisi huku kesho tumefunga. Nyinyi Tanga mwezi mmeuonea wapi?» Mwingine alituma mstari mmoja tu, kwamba jambo la dini halipangiwi saa na mashine. Tuliandika barua ya kuomba radhi usiku ule ule, fupi, bila picha na bila punguzo, tukaeleza ukweli kwamba tuliipangia kabla na hatukuisimamisha. Nashukuru kwamba watu walitusamehe, tena wengi wao kwa maneno mazuri kuliko tuliyostahili, lakini watu kumi na mmoja walijiondoa kwenye orodha na hadi leo hawajarudi. Tangu siku hiyo barua ya Idi haipangiwi saa. Inakaa tayari, imesomwa na kukaguliwa, na mmoja wetu anakaa nayo hadi tangazo litoke, kisha anabonyeza kwa mkono wake. Wale walioko Muscat tumewatenga kabisa, kwa sababu mwandamo wao hutangazwa na serikali yao na mara nyingine hupishana na wetu kwa siku moja. Nimewaandikia wahudumu wa kampuni nikawaomba waongeze nafasi ya tarehe isiyo na hakika, ambapo barua ingesubiri idhini ndani ya siku mbili tatu. Walijibu kwa adabu kwamba wamelipokea pendekezo. Nafasi hiyo bado haipo.

Jambo jingine linalogusa heshima ni namna mashine inavyomwita mteja. Mafunzo yote ya huduma hizi husisitiza kumtaja mpokeaji kwa jina lake la kwanza, na kwa kawaida barua hutoka ikiwa na «Hujambo» likifuatiwa na jina tupu. Huko ilikotengenezwa huenda huo ni ukarimu. Kwa mwanamke wa miaka sitini na tano wa Chumbageni, kuitwa jina tupu na duka la mabinti wanaoweza kuwa wajukuu zake ni utovu wa adabu, hata kama hatasema. Kwa bahati njema huduma inaruhusu kuongeza safu mpya katika orodha, nasi tukaongeza safu tuliyoiita Heshima, tukaijaza kwa mkono jina baada ya jina: Bi, Bwana, Mama, Mzee, Dada, Kaka, na kwa wachache walioomba, Hajjat. Wakubwa wanaanzia na shikamoo. Kazi ile ilituchukua jioni tano, na naamini hakuna siku tano nyingine tulizozitumia vizuri zaidi katika biashara hii. Mteja mmoja alitupigia simu akidhani tumemwandikia yeye peke yake.

Kuhusu vichwa vya barua, huduma ina msaidizi wa kompyuta anayependekeza maneno, na mapendekezo yake kwa Kiswahili ni dhaifu: «Fungua sasa», «Usikose», «Haraka kabla haijaisha», tena mara nyingine ngeli zimechanganyika. Lakini mtu anayeuza kanga hana haja ya msaidizi huyo. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na lile jina lililochapwa chini ya mji limekuwa likifanya kazi ya kichwa cha barua tangu enzi za mabibi zetu: maneno machache yanayomfanya anayepita ageuke, asome, kisha aamue kama yanamhusu. Skrini ya simu huonyesha sehemu ndogo tu ya kichwa kirefu, na jina la kanga huenea ndani yake bila kukatwa. Tulijaribu. Rangi ya zambarau iliyokuwa imeisha iliporudi stoo, tuligawa orodha nusu kwa nusu kwa kutumia kile chombo cha majaribio. Nusu ya kwanza ilipata kichwa kilichosema kanga za zambarau zimerudi, na nusu ya pili ikapata jina la kanga yenyewe: «Japo sipati, tamaa sikati». Nusu ya pili ilinunua karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na zaidi ya hapo watu walijibu barua, wakatuambia wanamnunulia nani na kwa nini. Kwa duka dogo majibu hayo yana thamani kuliko takwimu yoyote, kwa sababu ndiyo yanayotuambia mzigo ujao uwe wa aina gani.

Hata hivyo kanga pia husema kwa mafumbo, na fumbo likitumwa kwa watu mia nane halina budi kumpata mtu. Mwisho wa mwezi mmoja tulitangaza kanga yenye jina «Dawa ya deni ni kulipa», tukaliweka kama kichwa cha barua bila kufikiri. Miongoni mwa wapokeaji alikuwamo mteja tuliyemkopesha doti sita za sare, naye alikuwa amebakiza nusu ya malipo. Alilipa siku ile ile, kwa ujumbe mkavu sana, na ilinibidi nipande bodaboda mpaka Raskazone kumwomba radhi ana kwa ana. Sasa tunachuja: majina ya baraka, ya mapenzi, ya subira na ya kukaribisha wageni yanaingia kwenye barua, vijembe vinabaki kwenye kanga, vikachaguliwe dukani na mwenye navyo haja.

Ijumaa ya Novemba, ile inayofuata Alhamisi ya nne ambayo Wamarekani huiadhimisha kama siku ya shukrani, inastahili kuzungumzwa kwa sababu kila huduma inaisukuma kwa nguvu. Huanza kukukumbusha tangu Septemba, ikikuonyesha violezo vyeusi na saa zinazohesabu kurudi nyuma. Kwetu Ijumaa ni siku njema, na wapo wateja wanaochukizwa kuisikia ikipewa weusi kwa ajili ya punguzo la bei. Ndiyo maana kampuni ya Souq.com ilipoipeleka kampeni hiyo katika nchi za Kiarabu mwaka 2014 iliibadili na kuiita Ijumaa nyeupe. Sisi hatukuipaka rangi yoyote. Tuliuacha wakati wenyewe, kwa kuwa mwisho wa Novemba unafaa: mishahara imetoka au inatoka, na mzigo wa Krismasi kwa ng'ambo lazima uondoke. Tuliiita Ofa ya Vuli, ikaanza Alhamisi jioni na kuisha Jumamosi, na barua ya Ijumaa haikutoka mpaka alasiri, watu wakiwa wamerudi kutoka msikitini. Ile saa ya kuhesabu kurudi nyuma tuliiondoa. Mteja anayenunua kanga ya harusi hapaswi kuharakishwa, na nina hakika akiharakishwa atarudisha.

Januari tumeiacha kimya. Kalenda ya mashine inaipenda, lakini kila mzazi ninayemjua mwezi huo anatafuta ada, sare na madaftari, na barua ya punguzo la kanga wakati huo ni kumsumbua mtu bure. Masika nayo tunapunguza, kwa kuwa njia za vijijini ambako vikapu husukwa huharibika na mzigo huchelewa; si vizuri kutangaza kile ambacho huna uhakika wa kukipata. Sabasaba na Nanenane tunatuma barua moja moja tu.

Je, barua zinafika? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma lazima athibitishe kwamba kikoa anachotumia, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani yake, ni chake, na ahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3, na wale wanaotuma kwa wingi, ambao kwa Google ni barua kama 5,000 au zaidi kwa siku, wanatakiwa pia kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Sisi ni wadogo mno kwa kiwango hicho cha barua 5,000, lakini hesabu ya malalamiko inatia adabu: katika orodha ya watu mia nane, watatu tu wakibofya kwamba barua yako ni taka umekwishavuka mpaka. Huduma ilituongoza hatua kwa hatua kuthibitisha kikoa, kwa maelezo yaliyo wazi ingawa ni ya Kiingereza, na hapo inastahili pongezi. Kitufe cha kujiondoa kilikuja kwa Kiingereza pia. Tulikibadilisha kikawa «Jiondoe hapa», na malalamiko yakapungua, nadhani kwa sababu watu hatimaye walielewa kwamba wanaweza kuondoka bila ugomvi. Chini ya kila barua pana anwani yetu ya posta, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inataka barua ya biashara iwe na anwani halisi, na sanduku la posta la Tanga lilikubaliwa bila shida. Nasi tuna sheria yetu, ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nawasihi wenzangu waache tabia ya kununua orodha za anwani au kuzichukua kwenye makundi ya WhatsApp. Orodha yetu ilikuwa na watu kama mia na hamsini wa namna hiyo, waliotuachia anwani kwenye daftari la maonyesho bila kuambiwa zitatumikaje. Tuliwaandikia mara moja kuwauliza, na ambao hawakujibu tukawafuta.

Katika ripoti, msiiamini sana namba ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza yenyewe kupakua picha za barua, hata kama mwenye simu hajaisoma, na mashine huhesabu kwamba imefunguliwa. Wateja wetu wa London wengi wana iPhone, na kwa muda mrefu tulidhani ndio wasomaji wetu wakubwa mpaka tulipolinganisha na oda. Tazameni waliobofya, walionunua na waliojibu. Tena barua iwe nyepesi: Gmail huikata ile ambayo maandishi na msimbo wake vimepita kilobaiti 102, nayo sehemu inayokatwa ni ya chini, penye kitufe cha kujiondoa. Picha nazo zina gharama kwa mwenye bando la siku. Violezo vya msimu vilivyopambwa sana ndivyo vilivyo vizito zaidi. Vyetu sasa vina picha moja ya kanga iliyotandikwa juu ya mkeka, na maneno.

Malipo ni kwa dola na kwa kadi tu. Hawapokei fedha za simu, hivyo kila mwezi tunajaza kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni ya simu, na mara mbili malipo yalikataliwa kwa tofauti ya ubadilishaji wa fedha, kampeni ikasimama katikati. Tunalipa dola ishirini kwa mwezi. Kwa duka lisilofikisha wateja mia mbili wenye barua pepe, sioni sababu ya kulipa. Daraja la bure la huduma yoyote ya aina hii pamoja na WhatsApp vinatosha, na maduka mengi ya Tanga yana wateja ambao hawafungui barua pepe kabisa. Kwa duka lenye wateja wa nje ya nchi au wa maofisini, hasa linalouza vitu vya sikukuu na harusi, ninaipendekeza, na ningeipa nyota nne kati ya tano kwa vyombo vyake na nyota moja kwa kalenda yake.

Huduma yetu inaruhusu kusimamisha malipo bila kupoteza orodha, na sisi husimamisha miezi miwili ya masika pamoja na Januari kila zinapoangukia mbali na mfungo. Mwaka huu Januari hatukusimamisha. Rajabu ilikuwa imekwishaandama, Shaabani ikawa karibu, na oda ya kwanza ya sare, doti ishirini na nne za rangi ya machungwa, ilikuwa imeingia kutoka Mombasa.